Vita Hukuzwa na Wanaoalikwa

Mhadhara kwa wananchi, Kisumu

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, akina mama, walimu, madereva mliofunga safari kutoka Busia, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma, hamjambo. Asanteni kwa kuja Jumamosi, siku ambayo wengi wenu mngekuwa sokoni.

Nimeombwa nizungumzie hatari ya vita vya mashariki mwa Kongo kuvuka mipaka na kuwa vita vya ukanda wetu mzima. Nitaanzia mwaka 1914, na nitaanzia hapa karibu, Kisii.

Tarehe 28 Juni 1914, kijana mmoja wa Bosnia alimpiga risasi mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria katika mji wa Sarajevo. Ni watu wangapi wa Nyanza waliokuwa wamewahi kulisikia jina la mji huo? Mwezi mmoja baadaye, Julai 28, Austria ikaitangazia Serbia vita. Urusi ikaanza kukusanya askari wake kwa sababu ilijiona mlinzi wa Serbia. Ujerumani ikaitangazia Urusi vita Agosti 1 kwa sababu ilikuwa imeahidi kusimama na Austria. Agosti 3 ikaitangazia Ufaransa, kwa kuwa Ufaransa ilikuwa mshirika wa Urusi, na njia ya kuifikia Ufaransa haraka ilipita Ubelgiji. Agosti 4 Uingereza ikaingia kwa sababu ya Ubelgiji. Tarehe 12 Septemba, hata wiki 11 hazijatimia tangu risasi ya Sarajevo, kikosi cha Wajerumani na askari wao kilichokuja kutoka upande wa Mwanza kilikuwa kikipigana na jeshi la Waingereza la King's African Rifles katika mji wa Kisii.

Na msidhani kwamba hapakuwa na karatasi ya kuzuia jambo hilo. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ule ule uliotugawa, ulikuwa na kifungu kilichoruhusu makoloni ya ukanda wa kati wa Afrika, kuanzia Kongo mpaka pwani yetu, yabaki nje ya vita vya Ulaya iwapo wenye makoloni wangekubaliana. Ubelgiji ilipendekeza kifungu hicho kitumike. Gavana wa Kijerumani kule Dar es Salaam, Heinrich Schnee, naye hakuwa na hamu ya vita katika koloni lake. Hakuna aliyesikilizwa. Kila upande ulikuwa na sababu yake ya kijeshi: huku reli ya Uganda ya kulindwa, kule mitambo ya redio ya kuvunjwa, kwingine meli za ziwani. Sababu moja moja ukizitazama, kila moja ina maana. Zilipojumlishwa, zikawaleta wanajeshi Kisii.

Nini kiliwapata watu wa Kisii? Siku ile ya mapigano pande zote mbili ziliumizana, kisha zote zikarudi nyuma, mji ukabaki bila serikali. Wananchi wakaingia katika ofisi na misheni, wakachukua vitu. Waingereza waliporudi walichoma nyumba na kuchukua ng'ombe kwa wingi kama adhabu. Kwa hiyo Mkisii aliyepoteza mifugo yake mwaka ule aliipoteza kwa sababu ya ugomvi wa Austria na Serbia. Hakuna aliyemweleza hivyo. Yeye aliona tu ng'ombe wakiswagwa.

Mwezi Juni 1915 jeshi likapanda meli hapa Kisumu, likavuka ziwa na kuushambulia mji wa Bukoba. Likavunja kituo cha redio cha Wajerumani, mji ukaporwa, meli zikarudi hapa. Baadaye ukaja mzigo mzito kuliko yote, nao ni Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi. Vita vile havikuwa na barabara, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo, basi mgongo wa binadamu ukawa ndio lori. Mwaka 1917 uandikishaji wa nguvu ulipoanza, aliyesimamia kazi hiyo alikuwa John Ainsworth, na huyo alikuwa ametawala Nyanza kama mkuu wa mkoa kwa muda wa miaka kumi. Aliijua Nyanza kijiji kwa kijiji, na Nyanza ilitoa watu wengi mno. Waliokufa katika kikosi kile cha wapagazi, kwa hesabu rasmi ya Waingereza, ni zaidi ya 40,000. Wanahistoria wengi wanaamini idadi ya kweli inakaribia 100,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, kichomi na njaa.

Nimekaa hapo kwa muda kwa sababu nataka tukubaliane juu ya jambo moja kabla hatujaingia Kongo. Vita haviwi vikubwa kwa kuwa wale wawili walioanza wamekasirika zaidi. Vinakuwa vikubwa kwa sababu ya wanaoalikwa, na wale wanaojialika. Mnajua vijijini kwetu: ndugu wawili wakigombania mpaka wa shamba, jambo hilo mzee wa mtaa analimaliza kwa kamba na vigingi. Mmoja akiwaita shemeji zake, na mwingine akawaita wajomba, pale hakuna tena kesi ya shamba. Shemeji hawakuja kwa ajili ya kigingi, walikuja kwa ajili ya heshima yao. Na heshima haina vipimo.

Sasa tuje Kongo.

Tarehe 2 Agosti 1998 vilianza vita ambavyo wengi wanaviita Vita vya Pili vya Kongo. Laurent Kabila alikuwa ameingia Kinshasa mwaka uliotangulia kwa msaada wa Rwanda na Uganda. Akakosana nao, akawaamuru wanajeshi wa kigeni waondoke, na jeshi likaasi mashariki huku Rwanda na Uganda zikiwa nyuma yake. Rwanda ilisema inawafuata waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, ambao walikuwa wamejificha ndani ya Kongo na walikuwa wakivuka kushambulia. Ilikuwa kweli walikuwepo. Uganda ilisema inawafuata waasi wa ADF. Kweli walikuwepo. Angola ikaingia upande wa Kabila kwa sababu ilihofia waasi wake wa UNITA wa Jonas Savimbi wangepata mahali pa kupumulia. Hofu hiyo nayo ilikuwa na msingi. Zimbabwe na Namibia zikaja kwa jina la kumsaidia mwanachama mwenzao wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Chad ikaleta askari. Katika muda wa wiki chache tu majeshi ya nchi zaidi ya nusu dazeni yalikuwa juu ya ardhi moja, kila moja likiwa na sababu yake.

Kisha tazameni kilichotokea Kisangani, Juni 2000. Kwa siku sita jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda, waliokuwa upande mmoja, walipigana wao kwa wao kwa mizinga katikati ya mji wa Wakongo. Mamia ya raia walikufa. Hakuna Mkongo aliyekuwa na kesi katika vita hivyo vya siku sita. Wageni waligombana sebuleni kwa mwenyeji, na wala hawakuwa maadui walipoingia.

Mkataba wa kusitisha mapigano ulitiwa sahihi Lusaka Julai 1999. Vita vikaendelea. Serikali ya mpito ikapatikana 2003. Shirika la International Rescue Committee lilikadiria kwamba watu milioni 5.4 walikufa kutokana na vita na matokeo yake kati ya 1998 na 2007. Wapo watafiti waliosema makadirio hayo ni makubwa mno, na mjadala huo haujafungwa. Linalokubaliwa na wote ni kwamba wengi wa waliokufa hawakufa kwa silaha. Ni hadithi ile ile ya wapagazi wetu: ugonjwa unaotibika, mtoto asiyepata maji safi, mama anayejifungulia porini. Na hesabu ya fedha bado inadaiwa. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita hivyo. Miaka karibu ishirini baada ya bunduki kunyamaza.

Tulitegemea kwamba yaliyopita yangetosha. Hayakutosha. Kundi la waasi wa Kongo la M23 lilianza 2012, likauteka mji wa Goma mwezi Novemba mwaka huo, likashindwa 2013. Likarudi mwishoni mwa 2021. Juni 2022 likachukua Bunagana, mpakani na Uganda. Januari 2025 likaichukua Goma tena, na Februari likaingia Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti yao ya 2024 kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa pamoja na M23. Rwanda imekanusha kwamba inaliendesha kundi hilo. Inasema imechukua hatua za kujilinda dhidi ya FDLR, kundi lililotokana na wale waliofanya mauaji ya 1994, na kwamba serikali ya Kinshasa inashirikiana na FDLR. Sikuja hapa kuwa hakimu. Ila nawaomba mhesabu nani yuko ndani ya nyumba.

Kuna jeshi la Kongo na wanamgambo wanaoitwa Wazalendo. Kuna M23 na wanaoiunga mkono. Kuna jeshi la Burundi, ambalo limekuwa Kivu Kusini kwa makubaliano na Kinshasa, likiwatafuta waasi wake wa RED-Tabara na kupigana upande wa serikali ya Kongo. Kuna jeshi la Uganda, lililoingia Novemba 2021 kuwafuata ADF baada ya mabomu ya Kampala, na Februari 2025 likaongeza askari mpaka Bunia. Palikuwepo na kikosi cha SADC: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Umoja wa Mataifa una walinzi wake wa amani. Nasi Kenya tulikuwepo. Wanajeshi wetu walifika Goma Novemba 2022 chini ya bendera ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakongo wengi waliwataka wapigane na M23, na wao walikuwa wametumwa kusimama katikati. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2023, wakaondoka kwa sababu Kinshasa ilikataa kuongeza muda wao. Wapo katika ukumbi huu wazazi na wake wa wanajeshi, na wapo wengine Nakuru, kule Lanet na Gilgil, wanaojua miezi ile ilivyokuwa kwa mtu anayesubiri simu.

Sasa niwaonyeshe jinsi tulivyolikaribia shimo, maana ndilo jambo ninalotaka mlikumbuke mkisoma habari.

Tarehe 24 Januari 2023 ndege ya kivita ya Kongo, Sukhoi-25, ilikuwa ikiruka juu ya Goma. Goma na Gisenyi ya Rwanda ni miji iliyoshikana. Unavuka kwa miguu ukiwa na kikapu cha nyanya. Ndege yenye kasi ile haina nafasi ya kugeuka bila kugusa anga ya jirani. Rwanda ikasema imeingia kwake, ikairushia kombora. Ndege ikatua Goma ikiwaka moto. Kongo ikasema ndege yake haikuvuka, na kwamba hicho ni kitendo cha vita. Rubani alinusurika. Sasa fikirini rubani yule angekufa, na mabaki yangewaangukia watu wa Gisenyi. Serikali mbili zingekuwa na maiti za kuonyesha kwenye televisheni jioni ile. Uamuzi wa vita au amani ungefanywa na watu wenye hasira, wakiwa na saa chache tu.

Mwisho wa Januari 2025, Goma ilipokuwa ikianguka, wanajeshi 14 wa Afrika Kusini walikufa ndani ya siku chache. Rais Cyril Ramaphosa akalitaja jeshi la Rwanda kuwa ni wanamgambo. Rais Paul Kagame akajibu hadharani kwamba Afrika Kusini ikitaka makabiliano, Rwanda itakabiliana nayo katika hali hiyo siku yoyote. Nchi hizo mbili hazina hata mpaka wa pamoja. Baina yao kuna maelfu ya kilomita. Walikuwa wameletwa uso kwa uso na vita vya mtu wa tatu, mjini mwa mtu wa tatu. Kilichosaidia ni kwamba Februari 8 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC walikutana pamoja Dar es Salaam, na mwezi uliofuata SADC ikaamua kukiondoa kikosi chake. Wako waliolaumu uamuzi ule kwamba ni kukimbia. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa watu wazima. Jeshi moja likipungua uwanjani, njia moja ya vita kupanuka inazibika.

Halafu Desemba 2025. Tarehe 4, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wakakutana Washington mbele ya Rais Donald Trump, wakathibitisha mkataba ambao mawaziri wao walikuwa wameutia sahihi Juni. Haikupita hata wiki moja, M23 ikaingia Uvira. Uvira, ndugu zangu, iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni Bujumbura. Unasimama Uvira ukiiona taa ya Bujumbura usiku. Makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Burundi ilikuwa imeshaufunga mpaka wake na Rwanda tangu Januari 2024, na wanajeshi wake walikuwa vitani upande wa pili. Baada ya shinikizo la Marekani, M23 ikatangaza kwamba itaondoka mjini. Lakini kwa siku zile, majeshi ya Rwanda na Burundi yalikuwa na kila sababu ya kupigana moja kwa moja, bila pazia. Hizo ni nchi mbili zenye historia ya makabila yale yale na majeraha yale yale. Vita vya wazi kati ya Kigali na Bujumbura visingebaki kuwa vya kugombea bonde la Ruzizi, mto wa mpakani kule. Vingeingia ndani ya familia.

Ukiniuliza ni wapi hasa pa kutazama, nitakuambia ni pale. Macho yawe Ruzizi kabla ya kuwa kwingine.

Mnaweza kusema: mwalimu, hayo ni ya Kivu, sisi yanatuhusu nini? Madereva wanajua. Barabara inayotoka Mombasa ikapita Nakuru, Mau Summit, hapa Kisumu mpaka Busia, na ile ya Eldoret mpaka Malaba, haiishii Uganda. Mzigo unaouona ukipita Kondele au pale Nakuru unaenda Kampala, Kigali, Goma, Bunia. Mafuta yanayopakiwa kwenye meli katika gati ya Kisumu yanaenda Uganda, na kutoka pale yanaendelea. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2022. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Busia anamjua mteja wake wa Kongo kwa jina, na anamkopesha.

Tena tulishawahi kuwapelekea wao msiba wetu. Januari 2008, baada ya uchaguzi, tulipokuwa tukichinjana hapa Kisumu, Nakuru, Eldoret na kwingine, barabara zilifungwa na reli ikang'olewa. Mafuta yakakosekana Kampala, Kigali, Bujumbura, mpaka mashariki mwa Kongo. Hawakutupigia kura wale, wala hawakuwa na mgombea. Walilala gizani kwa sababu yetu. Kwa hiyo tusijifanye hatuelewi jinsi vita vya jirani vinavyosafiri.

Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi nao wana somo lao, la upande mwingine. Vita vya Sudan vilianza Aprili 15, 2023. Februari 2025, RSF, kundi linalopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao walikutana Nairobi kutia sahihi hati ya kuunda serikali yao. Serikali ya Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwa ya kwanza kuumia. Hatukutuma askari hata mmoja. Tulitoa ukumbi tu. Mkulima mwenye ekari moja Kericho akawa ameingizwa katika ugomvi wa majenerali wawili wa Khartoum. Nalisema hili kwa uchungu: kutoa ukumbi kwa upande mmoja ni kualikwa vitani kwa njia ya mlango wa nyuma. Na Januari 2025 ubalozi wetu Kinshasa ulishambuliwa na waandamanaji waliokuwa na hasira juu ya Goma, pamoja na balozi za Rwanda, Uganda, Ufaransa na nyinginezo. Yaani tayari kuna Wakongo wanaotuhesabu miongoni mwa wahusika.

Na wapo wanaofaidi. Mji wa Rubaya, Kivu Kaskazini, una machimbo ya koltani, madini yaliyomo ndani ya simu mlizonazo mfukoni. M23 iliuchukua Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya kodi ya takriban dola 800,000 kila mwezi kutoka biashara hiyo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Aliye na mapato kama hayo hana haraka ya kufika mezani.

Mnisikilize sasa juu ya mara ambayo vita havikuja, kwa sababu hiyo hatuifundishi vya kutosha. Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, mpaka kilomita 32 kutoka Nairobi, ni ya Uganda kihistoria. Hakubuni yote. Ni kweli kwamba mpaka tarehe 1 Aprili 1902 Kisumu na Nakuru zilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ndipo Waingereza wakazihamishia upande huu. Mtu akitafuta sababu ya vita katika makabrasha ya mkoloni hawezi kuikosa. Rais Jomo Kenyatta akasema hatutatoa hata inchi moja. Wanajeshi wakapelekwa mpakani. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kushughulikia mizigo ya Uganda. Amin akarudi nyuma.

Julai mwaka ule ule mambo yakawa mabaya zaidi. Ndege za Israeli zilizovamia Entebbe kuwaokoa mateka zilipitia Nairobi kujaza mafuta. Amin akalipiza kwa Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, na wengi wakauawa, wengi wao wakiwa watu wa magharibi hii. Palikuwa na kila sababu ya kuingia vitani. Kenya ikabana mafuta na mizigo, ikadai masharti yake, na kabla mwaka haujaisha pande mbili zikawa zimeelewana. Nikiangalia nyuma naona mambo mawili yaliyotuokoa. Kwanza, Uganda ilitegemea barabara yetu, na sisi tulitegemea soko lao. Pili, na hili ndilo kubwa, hatukualika jeshi la mtu lije kupigana, na Amin kwa wakati ule hakuleta la mtu kupigana nasi. Ulibaki ugomvi wa wawili. Miaka miwili baadaye aliingia Kagera, Tanzania, na alipoanza kushindwa Libya ikamletea askari. Haikumsaidia, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, lakini vijana wa Libya waliokufa katika mabonde ya Uganda walikuwa wamekuja kufanya nini pale?

Migingo nitaipita haraka. Mnaijua. Kisiwa cha Ziwa Victoria tunachogombania na Uganda, kisichotosha hata uwanja mmoja wa mpira, na 2009 kulikuwa na watu wazima katika Bunge letu waliotaka twende vitani kwa ajili yake. Polisi walibadilishana maneno, wavuvi waliumia, na bado kuna vurugu za kodi na samaki. Lakini hakuna aliyeleta mizinga. Wapima ardhi walitumwa badala ya wanajeshi.

Basi mwananchi wa Kisumu ana uwezo gani katika haya? Anao, na umeandikwa. Kifungu cha 240 cha Katiba yetu, ibara ndogo ya 8, kinasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka majeshi nje ya nchi kwa shughuli za amani kwa idhini ya Bunge. Idhini ya Bunge, maana yake ni idhini ya mtu uliyempigia kura. Tuliingia Somalia Oktoba 2011 kwa operesheni tuliyoambiwa ni ya kufukuza watekaji. Tukafuatwa Westgate 2013, watu 67. Tukafuatwa Chuo Kikuu cha Garissa 2015, watu 148, wakiwemo watoto wa nyumba za hapa magharibi. Na askari wetu bado wako kule. Sisemi haikufaa kwenda. Nasema siku ile hakuna aliyetuambia tutatokaje. Kwa hiyo mbunge wako akirudi nyumbani, na kuna mpango wa kupeleka askari Kongo, Sudan Kusini au kwingine, muulize mbele ya watu: Wanakwenda kusimama katikati au upande mmoja? Nani mwenye mamlaka ya kuwaamuru wapige risasi? Ni jambo gani likitokea watarudi? Mwenyeji wao akiwachoka, tunafanyaje? Asipokuwa na majibu, asinyanyue mkono bungeni kwa niaba yako.

Na lingine liko mikononi mwetu bila Bunge. Tunao hapa Kisumu, na Nakuru, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasudani Kusini. Wengine wana saluni, wengine wanashona, wengine ni wanafunzi. Kuna Wanyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini, ambao kwao huambiwa si Wakongo, na wakifika huku huambiwa ni M23. Video za chuki zinasambazwa kwenye simu zikisema nani ni nyoka na nani ni mende. Maneno hayo tunajua yalifanya nini Rwanda 1994. Mtu akikutumia, usiipeleke mbele. Ikishatoka kwako kwenda kwa mwingine, na wewe umealika.

Kabla sijakaa, kuna swali niliandikiwa kwenye karatasi na mama mmoja aliyeko safu ya tatu, nalo ni zuri: "Sasa Kenya ikae kimya kabisa?" Hapana, mama. Kenya ilikuwa na mchakato wa Nairobi wa kutafuta amani ya Kongo tangu Aprili 2022, na mwaka 2025 rais wetu mstaafu Uhuru Kenyatta aliwekwa pamoja na wastaafu wengine, Olusegun Obasanjo wa Nigeria akiwemo, kuwasuluhisha. Kazi hiyo tuiunge mkono, tuilipie, tuvumilie ucheleweshaji wake. Kuna mazungumzo ya Doha, kuna ya Washington, kuna ya Lomé. Meza zimekuwa nyingi, na hilo lina hatari yake, kwa kuwa mtu akibanwa meza hii anakimbilia ile. Lakini msuluhishi anaweza kufanya kazi pale tu anapoaminiwa na Kinshasa na Kigali kwa pamoja, na Bujumbura, na Kampala. Tukitoa ukumbi kwa kundi moja leo, kesho simu ya Uhuru haitapokelewa. Ndiyo maana nilikaa sana kwenye habari ya chai ya Kericho.

Naona mikono mitano tayari. Tuanze na dereva wa pale mlangoni, aliyesema amefika Goma.